Maswali ya wasomaji: Hela ya mzee ibaki mkononi mwa mzee

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi na karibu zote zinarudi palepale, hela ya mzee anaishika nani, na mzee mwenyewe akianza kuchoka nani anamwangalia. Nimechagua tano. Majina nimeyaacha, na maswali mengine nimeyafupisha kidogo maana yalikuwa marefu.

Dada, habari za siku. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu mwaka jana na miaka 60 kamili, niko Kondoa. Mkupuo umeingia milioni 41, pensheni ya mwezi ni laki 4 na elfu 10. Tangu hela iingie nyumba haina amani. Kijana wangu wa kwanza anataka ninunue bajaji mbili azisimamie yeye Dodoma. Mdogo wake anasema tumalizie boma la Dodoma tupangishe. Shemeji ana shamba la alizeti anataka tuingie ubia. Mke wangu ana presha na sukari, yeye anasema tu tusikimbilie. Unanishaurije?

Mwalimu, hongera kwa kumaliza utumishi salama. Mama watoto amesema neno zito na mimi naanza na hilohilo lake, msikimbilie.

Kwanza uelewe hiyo milioni 41 ni nini, maana wastaafu wengi wanaiona kama zawadi ya serikali na ndio inawaponyoka. Kikokotoo, yani ile kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kinachukua wastani wa mishahara yako ya ile miaka mitatu iliyokuwa mizuri, mara miezi uliyochangia, gawa kwa 580, hapo inapatikana pensheni yako kamili ya mwezi. Halafu asilimia 40 inakatwa (zamani kidogo ilikuwa 33, ilipandishwa kwenye bajeti ya 2024 kwa watu wa kundi lako, wengine wakapewa 35) na hiyo iliyokatwa unalipwa ya miaka 12 na nusu kwa mpigo mmoja. Piga hesabu mwenyewe wewe ni mwalimu, milioni 41 gawa kwa miezi 150 unapata kama 273,000. Yani kila mwezi ungekuwa unapokea karibu laki 7, ila laki 2 na 73 umeshalipwa mapema. Ikiishia kwenye bajaji na alizeti, hiyo sehemu ya pensheni umeshaila na haijazwi tena, utabaki na ile laki 4 na kumi mpaka mwisho, na dawa za mama zitoke humohumo.

Kwahiyo mimi ningefanya hivi. Hela yote iende fiksidi, ile akaunti ya benki inayofungwa kwa muda, ya miezi mitatu, na wote watatu uwaambie imefungwa. Hiyo miezi mitatu ni ya wewe kujifunza kuishi kwa laki 4 na kumi, uone mwezi unaishaje, wapi panavuja, maana mshahara ulikuwa mwingine na maisha ulishayazoea. Ukishajua pengo ni kiasi gani ndio unatafuta kitu cha kuliziba. Kuna hatifungani za serikali, yani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, Benki Kuu inaziuza kwa mnada, unaanzia milioni 1, na riba inaingia kwenye akaunti kila baada ya miezi sita bila wewe kumfukuzia mtu. Kuna mfuko wa hatifungani wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, huo anayetaka gawio la kila mwezi anaanzia milioni 10. Kwa mtu mwenye mgonjwa wa sukari ndani mimi ningeanza na huo wa kila mwezi, maana metfomini, dawa yake ya sukari, haisubiri miezi sita. Pembeni ubakize hela ya dharura kwenye akaunti ya kawaida, hata milioni 3 au 4, ya kulazwa, ya msiba, ya paa likiezuka.

Sasa kijana na bajaji zake. Simkatishi tamaa, bajaji zinalisha familia nyingi tu, ila muulize ameshawahi kuendesha hata moja ya mtu mwingine akapeleka hesabu bila kukosa? Kama ndio, nunua moja, sio mbili. Kadi iwe jina lako, bima kubwa, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) hai, na muandikiane mkataba kama unavyoandikiana na dereva yeyote, hesabu ni shilingi ngapi kwa siku, siku ya matengenezo inakuwaje, na baada ya muda gani chombo kinakuwa chake. Akikasirika kwa kuandikishiana na baba yake basi hapo umeshapata jibu kabla hela haijatoka. Alizeti mwambie shemeji msimu huu utakuja kuliona shamba na kumsaidia kuvuna, ubia mtaongea ukijua gunia moja limemgharimu kiasi gani.

Boma inategemea limefika wapi. Kama limeshapauliwa na kilichobaki ni lipu, sakafu, madirisha na umeme, fundi akuandikie makadirio ya kila hatua kwa karatasi na umalize vyumba viwili upangishe, kodi yao imalizie vingine. Kama bado liko kwenye msingi achana nalo kwa sasa, nyumba ya kuanzia chini inakula mkupuo wote na bado inadai.

Mambo mawili madogo ila usiyapuuze. Wewe ulikuwa unakatwa bima ya afya ya NHIF, basi wewe na mwenza wako mnaendelea kutibiwa ukiwa mstaafu bila kuchangia, nenda ukahakikishe kadi zenu zimebadilishwa kuwa za mstaafu, usisubiri siku mama kazidiwa mko dirishani mnaambiwa kadi haisomi. La pili, uhakiki wa pensheni ufanye mwenyewe, kwa ile programu ya simu ya mfuko wako wa pensheni, PSSSF Kiganjani, au ofisini kwao, usimpe mtu nywila yako eti akusaidie. Na akipiga mtu anajifanya wa mfuko, anajua jina lako, anajua shule uliyofundisha, anakwambia tuma hela kidogo faili lisogee au kuna mapunjo yako, kata simu. Mfuko hauombi hela kwa simu. Namba yake itume kwenda 15040, ya kuripoti matapeli, ni bure.

Shikamoo shangazi. Niko Mwanza, naishi na mama yangu ana miaka 74. Kama mwaka sasa anasahau sana, anauliza kitu kilekile mara nyingi, anaficha hela halafu anasema dada wa kazi kamwibia, tumeshabadilisha wadada watatu. Usiku anatoka nje anazunguka, juzi majirani wamemkuta kwenye kibaraza chao saa nane usiku na sasa wanasema maneno. Kaka zangu wako Dar wanasema apelekwe kwa mtaalamu wa kienyeji. Hela za kodi ya vyumba vyake vinne zinaingia kwenye simu yake na PIN anasahau. Mimi nimeacha biashara yangu ya mitumba kwa ajili yake. Nimechoka shangazi.

Marahaba mwanangu, pole sana. Nakujibu kwa urefu maana hii barua ningeweza kuipata kutoka mkoa wowote.

Naanza na majirani, maana hilo ndilo la haraka. Huko kanda ya ziwa tunajua maneno ya "bibi anatembea usiku" yameshawafikisha wapi akina mama wazee, watu wamekatwa mapanga kwa ugonjwa ambao hata hawakuujua. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na balozi wako wiki hii, uwaambie waziwazi mama ni mgonjwa, anapoteza kumbukumbu, akionekana nje usiku nipigieni namba hii hapa. Nyumba tatu nne za jirani pia zipitie mwenyewe. Ukilisema mapema na kwa sauti linakuwa ugonjwa, ukilificha watu watalipa jina lao. Usiku funga komeo la juu kabisa ya mlango au la chini, watu wenye hali hiyo mara nyingi wanatafuta pale walipozoea, ila funguo iwe karibu na wewe, moto ukitokea usianze kuitafuta.

Hospitali ni lazima kabla ya mtu yeyote wa kienyeji. Sio kila kusahau ni ule ugonjwa usiopona. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anasahau, upungufu wa vitamini B12 unasahaulisha, maambukizi ya mkojo kwa mzee yanaweza kumvuruga akili ghafla bila hata homa, sukari, presha, dawa fulani za usingizi, sonona, hata masikio yasiyosikia vizuri yanamfanya aonekane hajui. Hayo yote yanapimika na mengi yanatibika. Anzia hospitali ya wilaya wakuandikie rufaa ya Bugando. Mama hana bima? Muulize afisa ustawi wa jamii wa kata kuhusu kitambulisho cha matibabu cha wazee, kwa sera mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatibiwa bila malipo na kuna dirisha lao. Sitakudanganya, mara nyingi utaambiwa dawa hakuna ukanunue, ila kumuona daktari na vipimo vingi utakuwa umeokoa.

Sasa dada wa kazi. Nakuomba sana asipigwe na asipelekwe polisi kwa maneno ya mama peke yake. Mama hasemi uongo, yeye kweli hela haioni na kichwa kinatafuta sababu. Ukibishana naye "mama hela uliificha wewe" mtagombana mpaka jioni, mwambie "ngoja tuitafute wote", mtafute, halafu mpe chai. Jua maficho yake, wengi wana matatu au manne wanayarudia: ndani ya foronya, kwenye debe la unga, pindo la khanga, chini ya zulia la plastiki. Mwekee pochi yake yenye noti za elfu moja moja, ashike hela, ahesabu, anunue karanga mlangoni. Mtu aliyejitafutia hela maisha yake yote ukimnyang'anya zote siku moja unamvunja, na ndio hapo anaanza kupiga kelele kwamba anaibiwa, na kwa upande wake ana haki.

Kodi za vyumba ni kazi ya mwezi huu, sio mwakani. Kama mama bado kuna saa anaelewa vizuri, wengi asubuhi wanakuwa na nafuu, hiyo ndiyo saa ya kwenda naye benki afungue akaunti ya sahihi mbili, wewe na kaka mmoja, kodi iingie huko. Mwanasheria anaweza kuwaandalia hati ya uwakili, ile watu wanaita pawa ofu atoni, ila lazima mama awe anaelewa anachosaini. Akishafika mahali haelewi kabisa hati hiyo haina nguvu tena, hapo ni mpaka mahakama imteue msimamizi wa mali zake, ni safari ndefu na ina gharama. PIN ya mama usikae nayo kichwani mwako peke yako kimyakimya. Hata kama una nia safi, siku kaka zako watakapohesabu vyumba vinne mara miaka utakuwa huna cha kuwaonyesha. Fungua daftari: kodi ya chumba fulani imeingia tarehe fulani, pampasi, dawa, mshahara wa dada, luku. Kila mwisho wa mwezi piga picha ukurasa utume kwenye grupu la familia, wajibu wasijibu.

Na wewe je? Umeacha biashara, hiyo ni hela umetoa, tena kila siku. Kwenye familia zetu anayetuma elfu 50 kutoka Dar anaonekana mchangiaji, anayemgeuza mama na kufua mashuka anaonekana yuko tu nyumbani. Kaa nao kwa simu ya video, mama akiwa hayupo chumbani, uwaambie kwa hesabu: kodi za mama zinatosha hiki na hiki, kilichopungua ni kiasi hiki, wadada wawe wawili wa kupokezana ili mimi nirudi sokoni hata siku tatu za wiki, nani anatoa nini. Na kila mmoja aje akae na mama wiki mbili kwa mwaka, na wewe utoke kabisa hapo nyumbani ukalale kwa rafiki. Wakishalala chumba kimoja na mama siku tano hutasikia tena habari ya mtaalamu wa kienyeji.

Assalaam alaykum. Niko Muscat, mama yangu yuko Chake Chake, katimiza miaka 70. Namtumia pesa kwa mkono wa binamu yangu. Nimesikia kuna pensheni ya wazee, je anaweza kupata na hali mimi namtumia? Na je nitajuaje kuwa pesa zinamfika?

Waalaykum salaam. Anapata, ndugu yangu. Pensheni Jamii ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 na ni ya kila mzee mkaazi aliyefika miaka 70, haiulizwi ana mtoto Omani au hana, alikuwa mfanyakazi au mkulima. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa kuwa 50,000. Aanzie kwa sheha wake akiwa na kitambulisho cha Mzanzibari, na kama tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho haiko sawa alishughulikie hilo kwanza maana ndilo linalowakwamisha wazee wengi.

Hilo la binamu, mimi nasema laini iwe ya mama mwenyewe, imesajiliwa kwa jina lake, na pesa iende humo moja kwa moja. Binamu kazi yake iwe kumsindikiza kwa wakala, na umpe chake kando kwa usumbufu, ukitaja kabisa hiki ni chako na hiki ni cha mama. Halafu siku ya kutuma mpigie mama, sio binamu, umwambie kiasi.

Dada, mimi ni nesi mstaafu Morogoro, mjane. Nilikopa milioni 1 kwa mtu mmoja wa mikopo mtaani ili nimlipie mjukuu ada ya chuo. Akachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mwezi pensheni ikiingia anatoa yeye, ananipa elfu 80. Ni mwaka wa pili, nikiuliza deni limebaki kiasi gani anasema riba inazaa. Naona aibu kuwaambia wanangu.

Dada yangu, hiyo aibu sio yako hata kidogo. Kesho asubuhi nenda benki na kitambulisho cha NIDA, waambie kadi yako iko kwa mtu mwingine na namba ya siri anaijua, waifunge wakupe mpya. Huhitaji ruhusa yake. Usimtaarifu kwanza, ukimtaarifu atakuja na maneno matamu au ya vitisho. Hapohapo omba taarifa ya akaunti ya tangu mwezi ule alipochukua kadi, ina tozo kidogo ila ndiyo silaha yako, itaonyesha kila siku aliyotoa na kiasi.

Ukishakaa na karatasi hizo jumlisha alichotoa toa alichokupa. Nina uhakika milioni 1 imerudi zaidi ya mara moja. Deni kama bado lipo utalilipa, lakini kwa maandishi, na kwa wewe kutuma mwenyewe. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mtu haruhusiwi kufanya biashara ya kukopesha bila leseni, kwahiyo muombe akuonyeshe yake. Akikosa, au ukitishiwa kunyang'anywa makochi, nenda dawati la malalamiko la Benki Kuu na polisi, na usiende peke yako, nenda na mwanao mmoja. Ndio, mwambie mmoja. Yule unayemuona mtulivu. Hawa watu wanaishi kwa kujua kwamba wewe hutasema.

Mjukuu naye aambiwe ada yake ilitoka wapi, ni mtu mzima huyo.

Shangazi, baba yetu Tanga ana miaka 80, ana wake wawili na nyumba mbili, mmoja wetu akitaja wosia anaambiwa anamuombea baba kifo. Tufanyeje?

Msilianzishe nyinyi watoto. Mtafuteni rika lake, imamu wake au rafiki yake wa msikitini, aliongee yeye, mzee kwa mzee. Kwa Muislamu wosia hauwezi kuzidi theluthi ya mali na haumhusu mrithi, warithi wanagawiwa kwa mafungu yanayojulikana, kwahiyo baba hana hata haja ya kuamua nani apate nini, anachotakiwa ni kuandika alichonacho: kiwanja kipi kina hati na kipi kina karatasi ya serikali ya mtaa tu, anamdai nani, anadaiwa na nani, mahari ya nani haijamalizwa. Karatasi inashuhudiwa, na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na mirathi, wanaandika na kuhifadhi wosia kwa ada. Kama anaogopa neno wosia aiite orodha ya mali, mkishakuwa na orodha yenye sahihi yake na mashahidi nusu ya ugomvi umeisha.

Kubwa kwenu ni hizo nyumba mbili. Kila mama anaishi kwenye yake lakini hati mara nyingi zote zina jina la mzee, na kwa sheria ya ndoa nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mke kuridhia, sasa hakikisheni kila mke ana kitu kinachomtambulisha kuwa ni mke. Ndoa nyingi za zamani zilifungwa vizuri kabisa, mashehe wakala ubwabwa wakaondoka, na cheti hakijaandikwa mpaka leo. Baba yuko hai, shahidi mmoja wawili bado wapo, nendeni nao mkafuatilie vyeti vya ndoa zote mbili kabla ya Ramadhani, na nakala mpeni kila mama ya kwake aihifadhi mwenyewe.